Kilomita 480 kwa Miguu: Jinsi Pesa Zinavyotembea Nyuma ya Matembezi ya Hisani

Matembezi ya hisani yakionyeshwa kwenye habari za saa moja, huwa unaona vitu viwili tu: watu waliovaa fulana za rangi moja wakianza safari, na watu haohao wakipunga mikono wakifika. Katikati hapo kuna siku nyingi za jua, vumbi, malengelenge na hesabu. Hesabu nyingi sana.

Sisi wanne kutoka kitengo cha elimu kwa wateja tulipata nafasi ya kuziona siku hizo za katikati. Tulisindikiza matembezi ya Nairobi hadi Mombasa, karibu kilomita 480, kwa siku 17. Watembeaji walikuwa 22. Nyuma yao kulikuwa na pikapu ya maji, gari dogo la mizigo, muuguzi, madereva wawili, wapishi wawili, na sisi tukiwa na simu, vitabu vya risiti na pawa benki za kutosha. Kazi yetu haikuwa kutembea. Kazi yetu ilikuwa kusaidia waandalizi kupokea michango, kulipia gharama za njiani, na kuhakikisha kila shilingi inaweza kufuatwa ilikotoka na ilikoenda.

Makala haya ni ya mtu yeyote anayechangia, anayeandaa, au anayefikiria kuandaa kitu kama hiki kijijini, kanisani, msikitini au kwenye chama. Ukisoma hadi mwisho utakuta orodha ya mambo ya kuangalia.

Walitembea kwa sababu gani?

Waandalizi ni kikundi kidogo cha wazazi na wahudumu wa kliniki. Wanasaidia watoto waliozaliwa na miguu iliyopindia ndani, hali ambayo wengi huiita mguu kifundo. Takriban mtoto mmoja kati ya kila 1,000 huzaliwa nayo.

Habari njema ni kwamba hali hii inatibika, na mara nyingi bila upasuaji mkubwa. Njia inayotumika sana duniani ni ile iliyobuniwa na daktari Ignacio Ponseti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Mguu wa mtoto hunyooshwa polepole kwa mkono, kisha hufungwa plasta. Baada ya wiki moja plasta hutolewa, mguu unanyooshwa tena kidogo, plasta mpya inafungwa. Hivyo hivyo, kwa kawaida mara tano hadi saba. Watoto wengi huhitaji pia kukatwa kidogo kano ya kisigino. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu maalum vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, halafu wakati wa kulala tu hadi afikishe umri wa miaka minne hivi.

Sasa soma tena hiyo aya, mahali pameandikwa "baada ya wiki moja". Hapo ndipo shida ilipo. Mama anayeishi mbali na kliniki anatakiwa asafiri na mtoto mchanga kila wiki, kwa wiki sita mfululizo. Tuseme nauli ni KSh 600 kwenda na kurudi. Mara sita ni KSh 3,600. Kwa mtu wa kibarua hiyo si pesa ya mchezo. Akikosa wiki mbili tatu, mguu unaanza kurudi ulikokuwa, na kazi inaanza upya.

Kwa hivyo watembeaji hawa hawakuwa wanachangia jengo wala mashine. Walikuwa wanachangia nauli. Kliniki ikithibitisha kwamba mama ana miadi, nauli inatumwa kwenye simu yake jioni ya siku iliyotangulia. Ni mpango rahisi, ila unataka kitu kimoja: pesa ziwepo kwa wakati, kila wiki, bila kukosa.

Kenya na kuchanga ukitembea

Hatukuanza leo. Mwaka wa 2011, wakati wa ukame mkali, kampeni ya Kenyans for Kenya iliwafanya Wakenya wengi kutuma mchango kwa simu kwa mara yao ya kwanza, wengine KSh 10 tu. Mwaka wa 2012 Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi mwaka wa 2004, alitoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini. Lengo lilikuwa KSh milioni 250 za kujenga kituo cha kurekebisha majeraha ya uti wa mgongo, na wazo lilikuwa kwamba wananchi wakichanga, Zack arudishwe nyumbani. Mwaka wa 2013 Jim Nyamu alitembea kutoka Mombasa hadi Nairobi kuwatetea ndovu.

Ukiangalia vizuri, anayechanga huwa hachangii kutembea kwenyewe. Anachangia kwa sababu ameona mtu yuko tayari kuumia kidogo kwa ajili ya mwingine. Imani hiyo ndiyo mtaji wote wa matembezi, na ikipotea hairudi kwa tangazo.

Kabla ya hatua ya kwanza

Kazi ya barabarani huanza ofisini. Miezi miwili kabla, waandalizi walikuwa wameshughulikia mambo manne.

Kwanza, ruhusa. Kukusanya michango ya hadharani nchini kuna sheria yake, Sura ya 106, na inataka leseni. Kutembea kwa msafara barabarani pia kunataka uwaarifu polisi: Sheria ya Usalama wa Umma, Sura ya 56, inasema taarifa itolewe kwa mkuu wa kituo si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Njia yetu ilipita vituo vingi, kwa hivyo barua zilikuwa rundo.

Pili, akaunti mbili. Hili tunalisema kila mwaka na tutalisema tena. Michango iliingia kwenye nambari ya Paybill iliyosajiliwa kwa jina la kikundi. Gharama za njiani, yaani mafuta, maji, chakula na malazi, zilitoka kwenye akaunti nyingine ambayo watembeaji na wafadhili wachache waliijaza kabla ya safari. Hakuna hata chupa moja ya maji iliyonunuliwa kwa pesa za nauli ya watoto. Mtu akiuliza, jibu ni fupi, na taarifa ya akaunti inathibitisha.

Kuna wanaouliza kwa nini mweka hazina asitumie tu namba yake ya kibinafsi. Kuna sababu tatu. Namba ya mtu ina kikomo: salio lisilozidi KSh 500,000, na KSh 250,000 kwa muamala mmoja. Simu ya mtu inaweza kupotea au kuharibika. Tena pesa za kikundi zikichanganyika na za unga wa nyumbani, hata mtu mwaminifu kabisa hawezi kuzitenganisha vizuri.

Tatu, watu wawili wa kuidhinisha. Hakuna pesa iliyotoka Paybill bila mmoja kuanzisha na mwingine kukubali. Mmoja alikuwa mweka hazina, aliyekuwa anatembea. Wa pili alibaki Nairobi. Utaona hapo mbele kwa nini hilo liliokoa Alhamisi moja.

Nne, picha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inawalinda watoto hawa kama inavyotulinda sisi. Hakuna picha ya mtoto iliyotumika bila mzazi kukubali kwa maandishi, na hakuna jina lililotajwa.

Siku moja ya kawaida

Saa kumi na nusu usiku, wapishi wameamka. Chai, uji, mayai, viazi vitamu. Saa kumi na mbili, mwanga ukianza kutoka, watembeaji wanashika njia wakiwa wamevaa vizibao vya kung'aa. Wanatembea upande wa kulia wa barabara ili wayaone magari yanayokuja. Ukitembea na malori mgongoni mwako huna habari yoyote mpaka yakufikie.

Pikapu inatangulia kilomita tano, inasimama, maji yanamiminwa. Tulihesabu lita tano kwa kila mtembeaji kwa siku. Hiyo ni lita 110 za kunywa tu, mitungi sita ya lita 20, kabla hujapika wala kuosha sufuria. Sehemu nyingine maji ni ya bomba na bei yake ni ya kawaida. Sehemu nyingine unanunua kwa mkokoteni, na bei inategemea mkokoteni umetoka wapi.

Saa tano mchana watu wanapumzika chini ya mti au kwenye uwanja wa shule. Muuguzi anakagua miguu. Sheria zake zilikuwa chache na kali: soksi zibadilishwe mchana, mafuta ya kujipaka yaingie katikati ya vidole, na lengelenge lisipasuliwe na mtu yeyote isipokuwa yeye. Saa tisa wanaendelea hadi kilomita thelathini za siku zitimie.

Sisi huo ndio wakati wetu wa vitabu. Kila jioni tulikaa na mweka hazina, simu mezani, tukasoma muamala mmoja mmoja. Kiasi, saa, aliyelipwa, kilichonunuliwa. Pale muuzaji alipokuwa na Till tulilipia hapo, kwa sababu risiti ina jina la biashara. Pale ambapo hakuwa nayo tulituma kwa namba yake na kuandika kwenye kitabu papo hapo. Kazi hii huchukua dakika arobaini. Ukiiacha siku tatu inachukua usiku mzima, na utakuwa unakisia.

Mlolongo hadi Makindu: pesa ndogo ndogo

Siku ya kwanza ni ya kelele. Unapita Mlolongo, mji uliopewa jina na foleni ya malori, halafu Athi River, na magari yanapiga honi kila dakika. Michango inakuja kwa kasi kwa sababu marafiki na wafanyakazi wenza bado wana hamu. Siku ya nne, baada ya Salama na kuelekea Sultan Hamud, mji wenye jina la sultani wa Zanzibar, hamu ya mtandaoni inapungua. Kuanzia hapo wanaochanga ni watu wa kando ya barabara.

Emali kuna mama anayeuza maembe. Alituita mwenyewe.

"Mwanangu, hawa wanatembea kwa nini?"

Mmoja wetu akamweleza kuhusu miguu ya watoto na nauli.

"Jirani yangu ana mtoto hivyo. Aliambiwa ni laana." Akanyamaza kidogo. "Hiyo namba ni ya nani?"

"Ni ya kikundi, mwaitu. Ukiweka namba na kiasi, soma jina linalotokea kabla hujaweka PIN."

Alitupa simu na kutaka kututajia PIN tumfanyie. Tukamrudishia. Tulisimama naye mpaka kijana wake wa dukani akaja kumsomea jina, kisha mama akaweka PIN mwenyewe, kidole kimoja kimoja, akiwa ameipa simu kivuli kwa kiganja. KSh 50. Akaongeza maembe kumi ya watembeaji, na jina la kliniki tukamwandikia kwenye karatasi ampelekee jirani.

Tumeitaja hiyo KSh 50 kwa sababu ya swali tunaloulizwa sana: "Je, mchango mdogo si utaliwa na ada?" Inategemea jinsi Paybill ilivyosajiliwa. Mwenye Paybill anaweza kuchagua kubeba ada yote, kugawana na anayelipa, au kumwachia anayelipa. Kikundi hiki kilichagua kubeba ada. Mama alituma 50, na kwenye simu yake zikakatwa 50.

Makindu tulipumzika siku nzima. Ukisafiri barabara hii unalijua hekalu la Kalasinga lililoko pale, lililojengwa mwaka wa 1926 na Makalasinga waliofanya kazi kwenye reli. Msafiri wa dini yoyote anakaribishwa kula na kulala bila malipo. Unavua viatu, unafunika kichwa, huingii na pombe wala sigara, na chakula hakina nyama. Watembeaji wetu walikula chapati na dengu mpaka wapishi wetu wakaona wivu. Ukitaka kuacha sadaka unaacha, ila hakuna anayekudai. Kwa watu waliokuwa wanaomba michango tangu Nairobi, kulala mahali ambapo mtu anakupa tu na hataki kujua jina lako kulikuwa na funzo lake.

Tsavo: mahali simu inanyamaza

Mtito Andei iko karibu nusu ya safari. Kutoka hapo hadi Voi ni karibu kilomita mia moja, na barabara inapita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ndovu hawajui kwamba barabara ni mpaka. Hapa matembezi yalibadilika kabisa. Tulianza saa moja, jua likiwa limetoka, tukiwa kundi moja, gari la askari wa wanyamapori likiwa mbele na pikapu nyuma. Saa nane mchana kila mtu alipakiwa kwenye magari na kupelekwa kambini, na kesho yake kurudishwa palepale alipoachia.

Joto nalo si la Nairobi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Voi haifiki mita 600. Kila siku unashuka, na kila siku hewa inazidi kuwa nzito.

Kuna vipande vya barabara ile ambako simu haina mtandao, na hapo pesa ya kwenye simu inakuwa kama pesa iliyofungiwa ndani ya sefu. Tulijiandaa kwa njia ya kizamani: KSh 10,000 taslimu, noti ndogo ndogo, zimegawanywa kwa watu wawili walio kwenye magari tofauti. Ndiyo, sisi kampuni ya pesa za simu tunakwambia ubebe noti kidogo. Mpango mzuri wa malipo ni ule unaofanya kazi hata mtandao ukiwa chini.

Zilihitajika siku ya pili. Karibu na Manyani mtembeaji mmoja, mzee wa miaka sitini na mbili, aliacha kutoka jasho na akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Muuguzi hakungoja. Alimlaza kwenye gari, nguo zikaloweshwa maji, wakaelekea Voi. Tulipofika kwenye mtandao, malipo ya hospitali yalifanyika kwa simu kutoka akaunti ya gharama. Mtu aliyekuwa karibu alishauri tutumie simu ya mzee mwenyewe "kwa sababu ina pesa". Hapana. Simu ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Kilichosaidia ni kadi ndogo ambayo kila mtembeaji alivaa shingoni: jina, namba ya mtu wa nyumbani, dawa anazotumia. Mwanawe alipigiwa dakika ileile. Mzee alilala hospitalini usiku mmoja, na sehemu iliyobaki ya safari akaimaliza akiwa kwenye kiti cha mbele cha pikapu, akigawa maji.

Jumatano ya bango bandia

Jioni hiyohiyo, mtandao uliporudi, simu zetu zilianza kulia mfululizo. Kulikuwa na bango linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Picha ileile ya watembeaji, rangi zilezile, maneno yaleyale. Tofauti moja: mahali pa Paybill pameandikwa namba ya simu ya mtu binafsi, na chini yake "Paybill ina shida, tumia namba hii kwa leo tu".

Ilikuwa Jumatano. Alhamisi ni siku ya kliniki. Akina mama walikuwa wanangoja nauli jioni ile.

Waandalizi walikaa chini ya taa ya gari wakajadiliana. Wengine walitaka matangazo ya kuomba michango yaendelee, wakihofia hamu ya watu itakatika. Wengine walisema kila saa tunayoendelea kuomba ndivyo watu wanavyozidi kutuma kule kwingine. Mwishowe waliamua kusimamisha maombi yote ya michango mpaka tangazo sahihi liwafikie watu kwanza. Ulikuwa uamuzi mgumu. Walijua utawagharimu pesa.

Mambo matatu yalifanyika. Namba ile iliripotiwa kwa kampuni yetu na kwa polisi wa Voi, ikafungwa. Tangazo fupi lilitumwa kwa kila aliyewahi kuchanga: Paybill haijabadilika na haitabadilika, na hatutakuomba utume kwa namba ya mtu. Na nauli za Alhamisi zikatolewa kutoka pesa zilizokuwa tayari ndani. Simu ya mweka hazina ilikuwa imeisha betri porini na mtandao ulikuwa unakuja na kupotea, kwa hivyo mwanzilishi wa malipo akawa yule wa Nairobi, na mweka hazina akaidhinisha baadaye alipochaji. Nauli zilifika saa mbili baada ya wakati uliozoeleka. Zilifika. Alhamisi asubuhi plasta zilibadilishwa.

Si kila kitu kiliisha vizuri. Dada mmoja anayefanya kazi za nyumbani Nairobi alituma KSh 500 kwa namba bandia, na mwizi alikuwa ameshazitoa kwa wakala kabla namba haijafungwa. Alitupigia, na jambo la kwanza alilosema si "nirudishieni". Alisema, "Kwa hivyo mtoto hakupata?" Tunapoandika haya, malalamiko yake bado yanashughulikiwa. Alichanga tena wiki iliyofuata, KSh 100, kwa Paybill.

Nyika hadi bahari

Baada ya Voi ni Maungu, halafu nyika ya Taru, kavu na ndefu. Mackinnon Road, kando ya reli, kuna msikiti na kaburi la Seyyid Baghali, ambapo wasafiri wengi husimama kuomba dua ya safari njema. Nusu ya watembeaji waliingia, nusu wakakaa kivulini, na imamu akaomba michango kwa maikrofoni baada ya swala bila sisi kumwomba.

Samburu, Mariakani na mizani yake ya malori, halafu Mazeras, ambapo minazi inaanza na madafu yanauzwa kando ya barabara. Siku ya kumi na saba tukapita Changamwe na Makupa, tukaingia kisiwani, hadi pembe za Moi Avenue. Miguu ilikuwa imevimba, fulana hazikuwa tena na rangi moja. Wakenya walioko Ghuba na Marekani, ambao walikuwa wakituma moja kwa moja kutoka huko hadi kwenye simu za jamaa zao ili wawachangie, walipiga simu za video mpaka bando zikaisha.

Jumla iliyopatikana waandalizi wataitangaza wenyewe baada ya vitabu kukaguliwa. Tunafikiri hivyo ndivyo inavyofaa.

Kabla hujatuma mchango

- Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Likitofautiana na jina la kikundi, acha.
- Mtu akikwambia "Paybill ina shida, tumia namba hii", usitume. Piga namba ya waandalizi uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyo kwenye bango.
- PIN yako usimtajie mtu yeyote, hata mfanyakazi wetu aliyevaa fulana yetu.
- Ukikosea namba, anza kuomba pesa zirudishwe dakika ileile. Pesa ambayo haijatolewa ni rahisi kuizuia.
- Uliza pesa zitafanya nini hasa. "Kusaidia watoto" si jibu kamili. "Nauli ya kliniki kwa wiki sita" ni jibu.

Kama wewe ndiye unayeandaa

- Sajili Paybill kwa jina la kikundi, na uamue mapema nani anabeba ada.
- Tenganisha michango na gharama. Akaunti mbili, tangu siku ya kwanza.
- Watu wawili waidhinishe kila malipo, na wasiwe wote mahali pamoja.
- Fanya hesabu kila jioni. Chapisha muhtasari kila wiki, hata ukiwa mfupi.
- Beba noti kidogo, pawa benki, na laini ya mtandao wa pili.
- Andika tangazo la tahadhari dhidi ya matapeli kabla hujawahitaji kulitumia.
- Usiguse simu ya mgonjwa. Mpe kila mtu kadi ya dharura.

Je, kuna matembezi, harambee au mchango unaopangwa kwenu? Tuandikie hapa chini utueleze ni wa nini na mnakwama wapi. Maswali yanayojirudia tutayajibu kwenye makala ijayo, ambapo tutaeleza hatua kwa hatua jinsi chama au kikundi cha kijiji kinavyoweza kusajili Paybill yake, karatasi zinazohitajika, na makosa ambayo hufanya maombi mengi yarudishwe.